Kicheko cha pili

Katika ua wa Mwalimu, huku Katuba, watu hucheka mara mbili. Kicheko cha kwanza ni chembamba. Kinatoka kwenye viti vya mbele, kwa wanafunzi wa chuo na wale waliomaliza sekondari, ambao wameshasoma Kifaransa kinachopita chini ya picha. Kisha kimya cha pumzi moja, Mwalimu anatafsiri, na kicheko cha pili kinapasuka kutoka kwenye mabenchi, kwenye ngazi ya jikoni na juu ya ukuta walikopanda watoto. Hicho ni kinene, na kinachukua muda kuisha.

Nilikuwa nimekwenda mtaani kuuliza bei ya makala. (Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi nisameheni: hapa Lubumbashi makala ni yale meusi ya kupikia, si haya mnayoyasoma.) Nikakuta shuka jeupe limetundikwa ukutani na familia ya Kikorea inakunja maboksi ya pizza. Nikaketi. Bei ya makala sikuiuliza tena.

Filamu ilikuwa Parasite ya Bong Joon-ho, ambayo wengi wenu mmeiona: Palme d'Or kule Cannes mwezi wa Mei 2019, Oscar nne Februari 2020, na ya filamu bora ikiwa ndiyo mara ya kwanza kwenda kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Familia ya Kim, inayokaa kwenye chumba kilichozama nusu ardhini, inajipenyeza kwa uongo, mmoja baada ya mwingine, nyumbani kwa tajiri Park. Bong alipopokea Golden Globe Januari ya mwaka ule aliwaambia Wamarekani kwamba wakishavuka kizuizi cha inchi moja cha maandishi ya chini, watakutana na filamu nzuri nyingi. Katuba inchi ile imeandikwa kwa Kifaransa, na si kila mtu alipelekwa shule akajifunza kuiruka.

Ndiyo kazi ya Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, sasa amestaafu, na ameniomba jina lake nisiliandike. Alianza kwa kumtafsiria mama yake mzazi, sebuleni, majirani wakaanza kusogea mlangoni. Hana maikrofoni. Anasimama kando ya shuka, mkono mmoja nyuma kama mtu anayesimamia imla, na sauti yake inashindana na groupe, yaani jenereta, inayonguruma nyuma ya choo, maana umeme wa uhakika huku ni hadithi nyingine.

Nilimtajia wenzake: Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Kampala, wale wanaompa shujaa wa Marekani jina la kijijini na kumtungia matusi. Akakunja uso. "Mimi sichezi, Mama. Minatafsiri." Nilipomwambia kwamba Korea yenyewe, zama za filamu zisizo na sauti, ilikuwa na watu wa kazi hii hasa, wakisimama kando ya pazia kuisimulia picha, na kwamba waliitwa byeonsa, alinipa daftari niliandike neno. Alilitazama muda mrefu. Akasahihisha mwandiko wangu.

Sasa niseme kilichonikalisha pale.

Katika filamu hii tajiri hamtukani dereva wake hata mara moja. Anachofanya ni kunusa. Mtoto mdogo wa Park ndiye wa kwanza kugundua kwamba watumishi wote wapya wana harufu moja. Baadaye baba, amelala kwenye kochi na mkewe, anaieleza harufu ya shofa wake: kama figili iliyokaa siku nyingi, kama tambara lililochemshwa, ile ya watu wanaopanda metro. Hajui kwamba shofa mwenyewe, Kim Ki-taek, amelala chini ya meza hapo hapo, anasikia kila neno.

Kifaransa kinasema "odeur", na Mwalimu anasema neno lile lilimnyima usingizi. Mara ya kwanza alipoonyesha filamu hii alisema, "Ananuka." Ua ukachafuka. Mama mmoja muuza samaki alisimama na kuuliza, "Mwalimu, nani ananuka?" Hakuwa anamuuliza Park, alikuwa anamuuliza yeye. Akaondoka na kiti chake, maana alikuja nacho kutoka nyumbani. Wiki iliyofuata Mwalimu akajaribu "harufu" peke yake, bila kusema mbaya wala nzuri. Akaona linafanya kazi vibaya zaidi, yaani vizuri zaidi: kila mtu akajijazia mwenyewe. Metro nayo haipo Lubumbashi, akaibadilisha kuwa taksi-basi, na hapo anakiri alipunguza mwendo kidogo, kwa sababu karibu wote uani walikuwa wamefika kwa taksi-basi.

Halafu inakuja ile picha. Ki-taek anavuta kola ya shati lake polepole hadi puani. Hasemi mtu chochote, kwa hiyo hakuna Kifaransa chini, na Mwalimu hana cha kutafsiri. Nilikuwa nawatazama watu wala si shuka. Mwanamume mmoja wa makamo, amevaa shati la kazi la kampuni ya ulinzi, aligeuza shingo akanusa bega lake mwenyewe. Nyuma yake mwanamke alikusanya ncha ya kitenge. Mbele, kwenye viti, vijana walikuwa bado macho kwenye picha, wakingoja maandishi. Katika saa mbili na zaidi za filamu, ni hapo tu mabenchi yalipovitangulia viti.

"Unaona?" Mwalimu aliniambia baadaye, akifunga waya. "Bote banasema ile filamu iko ya franga. Ule mutu haiko na kasirani juu ya franga, Mama. Franga banamulipa. Kasirani yake iko ya pua."

Mji huu una historia na pua. Wabelgiji walipoujenga kama Elisabethville, kuanzia 1910, waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, ule uliokuja kuwa Kamalondo. Sababu waliyoitoa ni mbu: eti asiweze kuruka umbali ule na malaria ya mtu mweusi. Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, aliuweka ukanda ule kwenye kazi yake ya 2013, Essay on Urban Planning: picha za mji kutoka angani kando ya wadudu waliochomwa pini makumbusho, pamoja na picha ya zamani ya nzi waliouawa. Mfanyakazi alitakiwa alete nzi 50 ndipo apewe posho yake ya chakula. Nilipomsimulia Mwalimu, aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa anawahesabu?

Lakini ukanda ule haukutenganisha kweli, kwa sababu mtu alipaswa kupika. Nyuma ya nyumba za Wazungu kulikuwa na boyerie, vile vyumba vya watumishi. Zipo hadi leo na zina watu. Yule mlinzi wa shati la kazi analala katika mojawapo, huko Golf, mtaa wa wenye nazo, siku tano kwa wiki. Filamu inapofunua kwamba chini ya jumba la Park kuna handaki na ndani yake kuna mtu, viti viliruka kwa mshtuko. Mabenchi hayakushtuka sana.

Rafiki yangu anayekaa Golf ameiona filamu kwenye televisheni yake. Alimhurumia mama Park, yule anayefungua dirisha la gari huku ameshika pua, asubuhi baada ya mvua iliyozamisha chumba cha dereva wake, na bado anaisifu mvua kwa simu. Kosa lake ni nini? aliniuliza. Kutaka hewa? Nilitaka kumjibu kwamba Agosti 2022 mvua iliwaua watu watatu wa familia moja kwenye chumba cha namna ile, Seoul halisi, si ya sinema. Sikusema. Mimi pia hufungua dirisha.

Hata jina la filamu Mwalimu hajalitafsiri. Alifikiria kupe, akafikiria chawa, akafikiria funza. Kila mdudu ukimtaja, watu wanauliza ni familia ipi. Anawaachia Kifaransa.

Mwishoni baba Kim amejificha handakini, na mwanawe anaahidi kupata pesa, kuinunua ile nyumba, ili baba apande tu ngazi atoke nje. Watu walianza kukunja mikeka. Mlinzi hakuinuka. Aliuliza, "Mwalimu, ule mutoto atafika mwaka gani?"

"Filamu haisemi, Papa."

Tulipobaki wawili nilimwambia Mwalimu kwamba mwenye filamu alipiga hesabu: kwa mshahara wa kawaida wa Korea, kijana angehitaji zaidi ya miaka 500. Mwalimu aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. Kisha akatazama kwenye geti, kama mtu anayehakikisha kwamba mlinzi ameshaondoka.

"Ile," akasema, "usimwambie."