Shukrani Si Ushahidi

Vijana wetu wanaosomea mambo ya uhalifu na haki katika vyuo vikuu wana lalamiko moja ambalo nimelisikia mara nyingi, hata kwa mpwa wangu. "Mjomba," huniambia, "mimi nataka kuwa afisa wa probesheni niwasaidie watoto walioteleza. Hizi takwimu na njia za utafiti zanihusu nini?"

Wengi wetu tungemuunga mkono. Mimi humjibu kwa kisa cha kweli kilichotokea Marekani.

Katika miaka ya 1930 tabibu mmoja, Richard Cabot, alitaka kujua kama mvulana aweza kuepushwa na uhalifu akipata mtu mzima wa kumwongoza. Katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, walichaguliwa wavulana zaidi ya 500. Wakapangwa wawili wawili, kila mmoja na mwenziwe aliyelingana naye kwa umri, tabia na hali ya nyumbani. Kisha ikarushwa sarafu. Mmoja akapewa msaada, mwenziwe akaachwa na maisha yake. Kuanzia 1939 hadi 1945 waliosaidiwa walitembelewa majumbani, wakasomeshwa, wakatibiwa, na baadhi yao wakapelekwa kambini wakati wa likizo.

Kwa nini sarafu? Kwa sababu lau washauri wangejichagulia, huenda wangewachukua wale wasikivu, kisha wakajisifu, "Tazameni matunda yetu!" Sarafu haina kipenzi. Na yule mwenzi aliyeachwa ndiye mizani. Bila yeye, nani ajuaye huyu aliyesaidiwa angalikuwaje asingalisaidiwa?

Miaka 30 baadaye Joan McCord aliwatafuta, nao wamekwisha kuwa watu wazima. Kiasi cha theluthi mbili ya waliosaidiwa na kumjibu walisema msaada uliwafaa. Angeishia hapo, kazi ile ingalisifiwa mpaka leo. Lakini alifungua pia kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, akazilinganisha pande mbili. Matokeo aliyoyatangaza 1978 yaliwashtua watu. Uhalifu haukupungua kwa waliosaidiwa. Tena katika kurudia makosa, dalili za ulevi na kufa mapema, hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wenzao. Uchunguzi uliochapishwa 1999 ukaonyesha kwamba madhara yaliwaandama hasa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Yadhaniwa kuwa wavulana wakorofi, wakiwekwa pamoja, walifundishana ukorofi.

Waliotoa shukrani hawakusema uongo. Walipendwa, nao wakakumbuka mapenzi yale. Lakini mtu ana maisha mamoja tu, hawezi kuyapima na yale ambayo hakuyaishi. Kazi hiyo yataka kundi la kulinganisha, kumbukumbu zilizotunzwa na mtu ajuaye kuzisoma. Ndiyo takwimu wanayoikimbia wanafunzi wetu.

Basi, ndugu msomaji, akija mtu mtaani na mpango wa kuwaokoa vijana, mkaribishe, mpe kahawa, msikilize. Akikuletea vijana watano wa kumshukuru, wasikilize nao pia. Kisha muulize kwa upole: "Uliwalinganisha na nani?" Akikosa jibu, mwambie akalitafute kwanza kabla hujamkabidhi mwanao.