Fondyu ya Jibini na ya Chokoleti Nyanda za Juu Kusini

Baridi ya Juni na Julai huwakusanya watu wa Mbeya na Iringa kandokando ya jiko, na ndiyo majira yanayofaa kabisa kwa fondyu, chakula cha Uswisi cha kuchovya: jibini imeyeyuka sufuriani, kila mtu na uma wake, mkate na viazi mezani. Mahitaji hayako mbali. Njombe, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, ina kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini za mtindo wa Kitaliano, kazi iliyokua kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia.

Wengi hukata tamaa wanapoona jibini imegeuka bonge linalonata kama ulimbo, mafuta yakielea juu. Sababu iko ndani ya jibini yenyewe. Protini yake, kaseini, imefungwa pamoja kwa kalsiamu, na matone ya mafuta yamenaswa katikati. Moto ukizidi, kaseini hujikunja na kukazana, ikayakamua maji na mafuta. Waswisi hutumia divai nyeupe kwa sababu asidi zake huidaka kalsiamu na kuilegeza kaseini. Maji ya limao, yenye asidi ya sitriki, hufanya kazi hiyohiyo, tena vizuri sana. Wanga nao huvimba kwenye joto, ukazuia matone ya mafuta yasiungane.

Kwa gramu 400 za jibini iliyokomaa, pasha mililita 200 za maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha limao. Usiweke maziwa hapo, limao itayakatisha. Kwaruza jibini, ichanganye ikiwa kavu na kijiko kimoja cha wanga wa mahindi au wa muhogo, kisha itie kidogokidogo huku ukikoroga, makaa yakiwa machache na dirisha likiwa wazi. Tazama mwiko: mwanzoni jibini huufuata kama kamba, ikianza kudondoka kwa utepe laini, imeiva. Mozarela mbichi pekee haifai, maana nyuzi zake ni ndefu mno.

Viazi vipewe muda. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Anayepika kwa saa aliyozoea Dar es Salaam atakula viazi vigumu.

Fondyu tamu ilizuka New York miaka ya 1960, na inatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani: Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, inalima kokoa, ingawa sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa punje kavu. Inasikitisha kuona jirani wa Kyela akinunua chokoleti iliyotoka ng'ambo.

Siagi ya kokoa huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili, kwa hiyo bakuli juu ya maji ya moto yaliyoepuliwa latosha. Adui ni tone la maji: sukari na unga wa kokoa hulinyonya, vikashikana, chokoleti ikawa kama udongo. Ajabu ni kwamba dawa yake ni kimiminika zaidi. Gramu 200 zikiganda hivyo, mimina mililita 100 za maziwa ya moto, koroga kutoka katikati, nayo itang'aa tena. Baada ya hapo ndizi na parachichi za Rungwe zaweza kuchovywa bila hofu.