Kuridhika na Kwao: Funzo la Hadithi za Wanyama Zenye Picha

Mtahiniwa akiulizwa ataje funzo la hurafa ambamo mnyama anatoka kwao, anapata taabu kisha anarejea, aghalabu huandika sentensi moja tu: "Turidhike na tulicho nacho." Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Linaweza kubandikwa kwenye hadithi yoyote ya aina hiyo bila kuonyesha kuwa mwandishi wake aliisoma hata moja. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba hadithi hizi hazikubaliani kuhusu maana ya kuridhika. Msomaji ajiulize maswali matatu: Ni nini kilichomtoa mnyama kwao? Ni nini kilichomrejesha? Je, alirejea akiwa yule yule?

Kima na papa: kuridhika kwa tahadhari

Tuanze na fasihi simulizi yetu. Ngano ya kima na papa ilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa Unguja. Kima anaishi mtini na kumrushia papa matunda. Papa anamwalika kwao ili alipe fadhila. Wakiwa katikati ya bahari, papa anafichua kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mitini. Papa anamrudisha kuufuata, naye kima anakwea mti wake na hashuki tena.

Uongo huo wa kujiokoa una ukweli wa kiishara: moyo wa kima uko kwao. Hata hivyo, kilichomrejesha ni hatari wala si mapenzi ya mti. Dhamira hapa inakaribiana na methali "Usiache mbachao kwa msala upitao." Hadithi haisemi kuwa bahari ni mbaya. Inasema tumchunguze anayetualika.

Samaki na konokono: kuridhika kwa maumbile na kwa hiari

Mwandishi na mchoraji Leo Lionni (1910-1999) aliwaandikia watoto hadithi mbili zinazofaa kulinganishwa. Katika Fish Is Fish (1970), samaki mdogo na kiluwiluwi ni marafiki katika kidimbwi kimoja. Kiluwiluwi anakuwa chura, anatoka majini, kisha anarudi kusimulia aliyoyaona. Chura anaeleza vizuri, lakini michoro inatuonyesha kilichomo akilini mwa msikilizaji: ndege ni samaki mwenye mabawa, ng'ombe ni samaki mwenye pembe na kiwele, na watu ni samaki waliovaa nguo. Samaki anaruka nchi kavu, anakosa pumzi, na chura anamsukuma majini. Tangu hapo anaona kidimbwi chake kuwa kizuri kuliko mahali pengine pote.

Kilichomrejesha samaki ni maumbile. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Samaki hana mapafu, lakini mtoto wa mkulima au wa mfugaji hakuumbwa asiweze kuishi kwingine. Tukilichukua funzo hili bila kulipima, tutakuwa tunamwambia mwanafunzi kwamba hali aliyozaliwa nayo ndiyo maji yake. Tashihisi ina mipaka, na mhakiki hana budi kuitaja.

Katika The Biggest House in the World (1968), konokono mchanga anatamani nyumba kubwa kuliko zote. Baba yake anamsimulia habari za konokono aliyejikuzia gamba kubwa lenye mapambo. Kabichi ilipoisha, wenzake walihamia nyingine. Yeye alilemewa na gamba, akabaki hapo na kuangamia. Mwana anaamua kubaki na gamba dogo, na kwa sababu ni jepesi, anatembea na kuuona ulimwengu. Samaki aliridhika akabaki. Konokono aliridhika akasafiri. Mtahiniwa anayeandika "turidhike" kwa hadithi zote mbili ameipoteza tofauti hiyo.

Dubu na simbamarara: kuridhika kwa macho mapya

Mwandishi wa Kijerumani ajulikanaye kama Janosch alitoa Oh, wie schön ist Panama mwaka 1978, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata tuzo ya Ujerumani ya fasihi ya watoto. Dubu mdogo na simbamarara mdogo wanaishi kando ya mto. Siku moja dubu anaopoa sanduku linalonukia ndizi, limeandikwa "Panama". Wanafunga safari kuitafuta nchi hiyo ya ndoto. Kila wanapouliza njia, wanaelekezwa kushoto. Kwa hiyo wanazunguka na kurudi walikotoka. Kwa kuwa nyumba imechakaa kidogo na miti imekua, hawaitambui. Wanaamini wamefika Panama na kufurahi mno.

Hii ni kinaya: msomaji anajua wasilolijua wahusika. Hata mtoto asiyejua kusoma anaweza kulinganisha picha za mwanzo na za mwisho, akacheka. Lakini msimulizi hawakemei wasafiri wake. Anatetea safari yao, kwani bila safari hiyo wasingekutana na rafiki wala kujua raha ya kochi laini. Nyumba ni ile ile. Macho ndiyo mapya.

Tahadhari darasani

Walimu waliofundisha mwaka 2008 wanakumbuka wanafunzi waliofurushwa makwao na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kumwambia mtoto kama huyo kwamba "nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni" bila kumpa nafasi ya kuihoji methali ni kumtonesha kidonda. Kuna wanaoondoka kwa tamaa, na kuna wanaoondoka kwa kuwa hawana budi. Aliyesoma Siku Njema (1996) ya Ken Walibora anajua kuwa Kongowea anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake, na hakuna msomaji anayemlaumu kwa kutoridhika. Basi tuwafunze wanafunzi kutenga mambo mawili: kuridhika, ambako ni uamuzi wa aliyepima, na kunyamaza, ambako ni desturi ya aliyekatazwa kupima.

Maswali ya marudio

1. Linganisha sababu zinazomrejesha kima na zinazomrejesha samaki. (alama 4)
2. "Picha husema yasiyosemwa na maneno." Thibitisha ukirejelea hadithi ya samaki na ya dubu. (alama 6)
3. Je, konokono mchanga ameridhika au ana tamaa ya kuona mengi? Tetea jibu lako. (alama 4)
4. Simulia hurafa moja ya jamii yako ambamo mnyama anaondoka kwao, kisha ueleze mipaka ya funzo lake kwa binadamu. (alama 6)