Mfungwa, Mahabusu na Mateka: Maneno Matatu na Maana Zake

Mhubiri aendaye katika Gereza Kuu la Butimba, jijini Mwanza, hukuta watu ambao kwa macho hawatofautiani sana: wote wamo ndani ya ukuta mmoja, na hakuna awezaye kutoka apendavyo. Hata hivyo Kiswahili hakiwaiti wote kwa jina moja. Makala haya yanakusudia kueleza maneno matatu, yaani mfungwa, mahabusu na mateka, na kuonyesha kwamba kuyachanganya kwaweza kumdhulumu mtu.

Tuanze na mfungwa. Neno hili latokana na kitenzi funga, na mwisho wake, -wa, huonyesha mtu aliyetendwa jambo, kama vile mpendwa na mtumwa. Kwa asili, basi, mfungwa ni mtu aliyetiwa kamba au minyororo. Lakini katika lugha ya mahakama maana imebanwa zaidi: mfungwa ni yule aliyehukumiwa kifungo. Kifungo kina hakimu aliyekitamka, kosa lililothibitishwa, na kipimo chake, iwe miezi 6 au maisha yote.

Mahabusu ni neno lililotoka katika Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kuzuia. Hutumika kwa mahali pa kuzuilia watu, na pia kwa mtu mwenyewe anayezuiliwa wakati shauri lake likingoja kuamuliwa. Huyu hajahukumiwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Lakini mitaani mambo huenda vingine. Mtu akichukuliwa asubuhi, jioni majirani husema, "Amefungwa." Kwa neno hilo moja wamekwisha kumhukumu, na mke na watoto wake hubeba aibu ya hukumu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa.

Neno la tatu, mateka, halibadiliki katika umoja na wingi. Latokana na teka, kitenzi kinachotamkwa sawasawa na kile cha kuteka maji, kazi wanayoijua vema wakazi wa pwani ya Ziwa Victoria. Mateka hana hakimu, hana shtaka, wala hana muda uliopangwa. Amechukuliwa kwa nguvu tu. Eneo hili liliwajua watu wa namna hiyo. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ya bahari ilifika Kageyi, upande wa kusini wa ziwa, na watu waliotekwa vitani waliletwa huko kwa mitumbwi ili wauzwe. Hata leo, mtu akichukuliwa na wasiojulikana, watu hawasemi amekamatwa, bali ametekwa. Kukamatwa huhusisha sheria, kutekwa huikana.

Tofauti hizi huonekana wazi zaidi tunapouliza jinsi kila mmoja anavyotoka. Mfungwa humaliza kifungo chake au husamehewa. Mahabusu hupewa dhamana, au huachiwa huru baada ya kuonekana hana hatia. Mateka hukombolewa. Kumwambia mahabusu kwamba atasamehewa ni kumtukana, kwa kuwa msamaha hutangulia kudhani kosa. Na kumwambia mateka avumilie mpaka amalize muda wake ni kumdanganya, maana muda huo haupo.

Msomaji wa Maandiko hana budi kuyaangalia haya. Katika Isaya 61:1 tafsiri ya Union yataja mateka. Katika Luka 4:18, ambapo Bwana Yesu asoma maneno hayo katika sinagogi, tafsiri hiyo hiyo yatumia wafungwa, ingawa neno la Kigiriki lililoko hapo kwa asili lahusu mtu aliyekamatwa kwa mkuki, yaani mateka wa vita. Mtume Paulo naye, katika Filemoni 1, ajiita kwa neno litokanalo na kufunga, na mfungwa lafaa kabisa. Lakini tukisoma Matendo 24:27 twaona kwamba liwali Feliki alimwacha kifungoni miaka 2 pasipo kutoa hukumu. Kwa lugha ya mahakama zetu, huko Kaisaria Paulo alikuwa mahabusu.

Katika Katekisimo Ndogo, akifafanua sehemu ya pili ya Imani, Luther amweleza mwanadamu kuwa amehukumiwa, na papo hapo kuwa amekombolewa katika nguvu za adui. Ni mfungwa na ni mateka pia. Ahitaji msamaha na ukombozi. Hilo ni sawa kulihubiri kwa watu wote. Bali anaposimama mbele ya mtu mmoja, mhubiri na aulize kwanza: je, ndugu huyu amehukumiwa, au anangoja? Jibu lake ndilo litakaloonyesha ni neno gani la faraja limfaalo.