Kwa nini wengi walisita kuchanjwa dhidi ya Covid-19

SHEHENA ya kwanza ya chanjo ya Covid-19, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca, iliwasili Nairobi Machi 3, 2021. Chanjo ilikuwepo, kilichopungua ni imani ya umma.

Shaka hiyo ilikuwa na mizizi. Mnamo 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai kuwa chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakidungwa wanawake ilitiwa homoni ya kuzuia uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani (WHO) zilikanusha, lakini hofu haikufutika. Mwaka wa 2021, chama cha madaktari Wakatoliki kilipinga chanjo ya Covid-19 ilhali maaskofu wenyewe waliikubali. Waumini wakajipata katika njia panda. Machi hiyo hiyo, mataifa kadhaa ya Ulaya yalisitisha AstraZeneca kwa muda ili kuchunguza visa vya damu kuganda.

Kisha India, iliyokuwa ikiitengeneza, ikabana uuzaji wa chanjo nje. Waliokuwa wamekubali kuchanjwa wakaambiwa wangoje dozi ya pili kwa wiki 12 badala ya 8. Hivyo hata aliyeamini akapata sababu ya kushuku.

Novemba 2021, serikali ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 ambao hawajachanjwa wasingehudumiwa katika ofisi za umma. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo.

Imani haiji kwa amri. Mzazi anayeuliza kilichomo ndani ya sindano si adui wa sayansi. Anastahili jibu kutoka kwa mhudumu wa afya anayemfahamu, kabla uvumi haujabisha hodi.