Nusu Kilomita Kila Upande

Mchwa hawali plastiki. Nimelithibitisha hilo mwezi uliopita, nilipovuta masanduku mawili ya santuri kutoka uvunguni mwa kitanda cha wageni, hapa Tanga, baada ya miaka kumi na ushei bila kuyagusa. Majalada walikuwa wameyaanza kwa chini. Mengine yamebaki nusu, moja limegeuka unga. Sahani zenyewe zilikuwa nzima, nyeusi, zimepakwa ule udongo mkavu ambao mchwa huuacha kama risiti.

Nilizinunua nikisomea elektroniki Manchester, miaka ya 1990. Waingereza wakati huo walikuwa wakitupa santuri kupisha sidii, na maduka ya mitumba yaliziuza kwa bei ya chai. Wenzangu walinunua makoti. Mimi nilinunua roki, na zaidi ya roki, panki. Kwetu neno hilo ni mtindo wa nywele. Kinyozi yeyote wa enzi zangu aliijua panki, ila hakujua kwamba kuna muziki wenye jina hilo.

Kazi yangu ni mitambo ya sauti, na kuzisikiliza tena santuri hizi kumenifunulia kwamba kuna watu niliowasingizia. Miaka yote nilikuwa nikisema panki ilirekodiwa ovyo. Nilikuwa na ushahidi wangu: nyimbo za mwisho wa kila upande zilipasuka, kila "s" ya mwimbaji ikitoka kama samaki anayetumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Nililaumu studio za bei rahisi na waimbaji wasiojua kukaa mbali na maikrofoni. Kumbe tatizo lilikuwa duara, pamoja na sindano yangu iliyochakaa.

Shika santuri ya inchi 12 uinamishe kwenye mwanga. Mistari unayoiona mingi ni mstari mmoja tu, mfereji mwembamba kama unywele unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Upande wa dakika 22, ukiweza kuunyoosha mfereji wake, unakaribia nusu kilomita. Sahani huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika na haibadilishi mwendo. Lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu, wa ndani ni mfupi. Hivyo mwanzoni mwa upande sindano hupitiwa na takriban sentimita 50 za mfereji kila sekunde, na mwishoni hupitiwa na kama 20 tu. Tuazi lilelile, likigongwa kwa nguvu ileile, limebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo. Viwimbi vyake vinakuwa vidogo hata ncha ya sindano ishindwe kuingia kwenye mabonde yake. Inaviruka, na ikiwa imechakaa inavikwangua kabisa. Ncha ya almasi huhesabiwa kudumu saa 500 hadi 1,000. Yangu sikuihesabia hata siku moja.

Wenye viwanda walilijua jambo hili tangu Columbia ilipoleta santuri ndefu mwaka 1948, na RCA Victor ikajibu mwaka uliofuata kwa santuri ndogo ya inchi 7 yenye mizunguko 45. Ndiyo maana watayarishaji wengi walipendelea kufunga upande kwa wimbo wa taratibu. Watu wa panki hawakuwa na wimbo wa taratibu wa kufungia.

Walikuwa na kitu kingine, ambacho sikukiona hadi juzi: ufupi. Mashine inayochonga sahani ya kwanza kiwandani huandika sauti kubwa kwa kuyumba sana, hasa sauti nzito ya besi. Mfereji unaoyumba sana unahitaji nafasi pembeni, la sivyo utaingia kwa jirani. Ukitaka dakika 28 upande mmoja, ni lazima upunguze sauti ili mizunguko isongamane. Ukiwa na dakika 14, mchongaji ana uwanja wa kuchezea. Albamu ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa pande zote mbili. Iligharimu kama dola 6,400, fedha ambazo bendi kubwa za wakati ule zingezimaliza kwa siku chache za studio. Nilipoiweka baada ya kubadilisha sindano, ilibidi niinuke haraka kupunguza spika.

Sahani hiyohiyo ni somo zuri la stirio. Mfereji una kuta mbili, kila mmoja umelala nyuzi 45, na kila ukuta hubeba sauti ya spika yake. Wazo hilo Mwingereza Alan Blumlein aliliombea hataza mwaka 1931, ingawa santuri za stirio zilifika madukani mwishoni mwa miaka ya 1950. Mchongaji hupenda besi ikae katikati, kwenye kuta zote mbili kwa pamoja, kwa sababu besi ya upande mmoja huirusha sindano juu na chini pia, si kuiyumbisha pembeni tu. Ramones hawakujali. Gitaa la Johnny wakaliweka upande mmoja, besi ya Dee Dee upande wa pili. Zungusha kitufe cha balansi hadi mwisho, Johnny anatoweka, unabaki na besi, ngoma na mwimbaji. Nilijifunzia besi hivyo, chumbani kwangu, kwa hasara ya jirani.

Mfano mzuri kuliko wote ni kopo. Mwaka 1979 bendi ya Public Image Ltd, ya John Lydon aliyekuwa mwimbaji wa Sex Pistols, ilitoa Metal Box: santuri tatu za inchi 12 ndani ya kopo la bati la mviringo, aina ile ya kuhifadhia filamu. Hizi hazizunguki 33 bali 45. Muziki wa saa moja umegawanywa pande sita, kama dakika kumi kila upande. Ukizungusha haraka, kila sekunde inapata mfereji mrefu zaidi. Ukiweka dakika chache, besi inapata nafasi ya kuyumba itakavyo. Na besi ya Jah Wobble ilihitaji nafasi hiyo. Mwaka uliofuata nyimbo hizohizo zilitolewa tena kwa santuri mbili za kawaida zenye jalada la karatasi, bei ikashuka, na hakuna aliyelazimika tena kukorofishana na bati. Maana lile kopo ni balaa. Sahani zimebanwa humo kiasi kwamba kidole hakina pa kuingia. Unapindua kopo juu ya kitanda na kulitikisa. Bendi iliyoipa santuri sauti nzuri kiasi hicho ikaiweka mahali ambapo kila kuitoa ni kuikwaruza. Nadhani walifanya makusudi. Langu, ambalo nililinunua kwa bei iliyoniuma, hewa ya chumvi ya Tanga imelila ukingoni, na kutu yake imeshuka kwenye sahani ya juu kama vumbi la pilipili.

Mkwaruzo una heshima yake pia. Tarehe 28 Desemba 1976, Buzzcocks wa Manchester waliingia studio, wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja mbele ya mtayarishaji Martin Hannett, na Januari 1977 wakazitoa wenyewe kwa lebo yao, New Hormones. Jina la santuri, Spiral Scratch, maana yake ni mkwaruzo unaojizungusha, yaani mfereji wenyewe. Walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakachapisha nakala 1,000. Ziliisha, wakaongeza, hadi zikafika 16,000 hivi. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ulirekodiwa mara ya ngapi na kama kuna sauti iliyoongezwa baadaye, kama fundi anayekuonyesha mshono wa ndani ya koti kabla hujalipa. Mwaka 1978 Scritti Politti wakazidisha: waliandika gharama zenyewe kwenye jalada.

Gharama hizo zinaeleweka ukijua kiwanda kinavyofanya kazi. Sahani ya kwanza huchongwa kwenye bamba la alumini lililopakwa laka laini. Inapakwa fedha, inatumbukizwa kwenye maji yenye nikeli na umeme kupitishwa hadi ijenge ngozi ya chuma. Ngozi hiyo ikibanduliwa ni nakala iliyogeuka, milima badala ya mabonde, na kutokana nayo hupatikana mihuri ya kugandamizia plastiki ya moto. Pesa nyingi huishia hapo, kabla hujapata hata santuri moja. Ile ya kwanza ni ghali mno, ya elfu moja ni ya kutupwa. Nairobi nako kulikuwa na kiwanda cha kazi hii, na hesabu yake haikuwa tofauti kwa bendi zetu za dansi.

Rangi nyeusi si ya plastiki yenyewe. Ni masizi ya kaboni yanayochanganywa humo. Yakiachwa, plastiki inaweza kupakwa rangi yoyote, na panki waliichangamkia nafasi hiyo. X-Ray Spex walitoa santuri ndogo ya rangi ya chungwa inayowaka mwaka 1978. Mwimbaji wao, binti wa baba Msomali na mama Mwingereza, aliimba juu ya dunia iliyojaa vitu vya kutengenezwa, na akajiita Poly Styrene. Mafundi tunacheka kidogo hapo, kwa sababu Marekani santuri nyingi za inchi 7 zilitengenezwa kwa polistirini kweli. Hutoka safi zikiwa mpya na huchakaa haraka kuliko zile za vinili. Ukikuta santuri ndogo ya Kimarekani inayotoa mvumo upande mzima ingawa haina mkwaruzo, shuku hiyo.

Nimeulizwa mara nyingi na watu walioziokota santuri za wazee wao kwa nini sauti inatoka nyembamba kama ya mbu. Mara nyingi mashine imechomekwa tundu lisilo lake nyuma ya amplifaya. Kwa kuwa besi hula nafasi, wachongaji huipunguza kabla ya kuichonga na kuikuza sauti nyembamba, kwa kiwango kilichokubaliwa tangu 1954 kiitwacho RIAA. Amplifaya yenye tundu lililoandikwa "phono" huigeuza hesabu hiyo: inairudisha besi na kuishusha sauti nyembamba, pamoja na mikwaruzo. Tundu lingine lolote linakupa nusu ya kazi.

Kuziosha ni rahisi, mradi ujue unaosha nini. Za vinili nazilaza kwenye taulo, natumia maji yaliyokenekwa, yaani yale ya betri yanayouzwa kituo cha mafuta (maji, nasisitiza, siyo asidi), na tone moja la sabuni ya vyombo. Kitambaa laini kinafuata mzunguko wa mfereji, hakikatizi. Karatasi ya katikati isiloe. Kuvu, zile nukta nyeupe zinazopenda unyevu wa pwani, hutoka kwa kurudia mara mbili au tatu. Spiriti kidogo haiidhuru vinili, lakini ukiwa na zile sahani nzito zinazovunjika, za mizunguko 78, kama zile za taarab za miaka ya 1920 alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay, spiriti ni marufuku. Hizo ni za utomvu wa mdudu, na spiriti huuyeyusha. Ukishamaliza, zisimamishe kama vitabu. Zikilazwa rundo, ya chini hupinda, na gari lililofungwa juani litakumalizia zote kwa mchana mmoja.

Katika kuosha ndipo nilipofika kwenye London Calling ya The Clash, santuri mbili zilizotoka Desemba 1979. Jalada lake, lenye ile picha ya Pennie Smith ya Paul Simonon akilibamiza gitaa lake la besi jukwaani New York, mchwa wameliacha kipande cha juu tu. Sikuumia sana, kwani jalada hilo lilikuwa pungufu toka mwanzo: wimbo wa mwisho, Train in Vain, ulikamilika wakati orodha ya nyimbo imekwisha kuchapwa, kwa hiyo haumo. Jina lake lilikwanguliwa kwa mkono kwenye ile nafasi tupu kati ya mwisho wa muziki na karatasi ya katikati. Wachongaji wa London walizoea kuacha maneno pale. Mmoja maarufu, George Peckham, alikuwa akiweka saini ya utani kwenye kila kazi aliyoiridhia.

Kwenye London Calling kuna zaidi ya jina la wimbo. Kila upande una neno moja, na pande nne zikipangwa zinatoa sentensi. Nilimwita binti yangu anishikie tochi ya simu. Kwa mwanga wa juu maneno hayaonekani. Ni lazima taa ilale karibu usawa na sahani. Tulihangaika nayo, tukiigeuza huku na huku, hadi herufi zikatokea, nyembamba, zimeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Akasoma upande wa kwanza: bomoa. Akageuza. Upande wa pili ni kile kijineno cha Kiingereza kinachokamilisha kitenzi hicho, hauongezi kitu.

"Kubomoa nini sasa, Baba?"

Santuri ya pili ilikuwa bado inachuruzika maji kwenye kichanja cha vyombo.