Nafasi ya Vipuri katika Utayari wa Helikopta za Manowari: Mfano wa NH90 nchini Norway

Makala haya yanaeleza nafasi ya vipuri katika utayari wa helikopta za manowari. Chumvi ya bahari huharakisha kutu, ilhali ufinyu wa nafasi melini huzuia kubeba akiba kubwa ya vipuri. Mwaka 2001 Norway iliagiza helikopta 14 aina ya NH90 kwa ajili ya manowari na meli za walinzi wa pwani. Ilihitaji saa 3,900 za kuruka kwa mwaka. Miaka ya mwisho zilipatikana takribani 700 tu. Mwaka 2022 serikali ilivunja mkataba, ikieleza kuwa kuongeza vipuri na saa za kazi za mafundi kusingetosha. Makala yanahitimisha kuwa vipuri ni vya lazima lakini havitoshelezi: urahisi wa matengenezo upimwe kabla ya ununuzi, kwani manowari isiyo na helikopta hupungukiwa uwezo wa kusaka nyambizi.